Majumba ya Michenzani: Mtaa Uliopangwa Katikati ya Ng'ambo ya Unguja

Mji wa Unguja, ambao wageni wengi huufahamu kwa sehemu yake ya Mji Mkongwe pekee, una sehemu nyingine iliyo kubwa zaidi kwa eneo na kwa idadi ya wakazi, nayo ni Ng'ambo, na katikati ya Ng'ambo ndipo yalipojengwa majumba 10 marefu ya Michenzani, yakifuata njia mbili pana zinazokatana penye mzunguko. Majumba hayo, yaliyoanza kupangwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kujengwa hasa katika muongo uliofuata, huelezwa mara nyingi kuwa ni zao la matakwa ya mtu mmoja, Rais Abeid Amani Karume, au kuwa ni mji wa Ujerumani Mashariki uliohamishiwa katika kisiwa cha joto na karafuu. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayajibu swali lenye uzito zaidi: kwa nini watawala wa kikoloni na wanamapinduzi waliokuja baada yao, ambao hawakukubaliana karibu katika jambo lolote, walikubaliana kwamba Ng'ambo ivunjwe na ipangwe upya, na kwa nini hao wa pili waliweza kufanya kile ambacho wa kwanza walikiandika tu katika vitabu vya mipango. Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya ardhi ambayo nyumba za Ng'ambo zilikaa juu yake.

Ardhi, nyumba na kodi ya kiwanja hadi 1928

Katika karne ya 19 mji wa mawe ulitenganishwa na upande wa mashariki kwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambao maji yake yalijaa na kupwa kila siku, na mtu aliyetaka kuvuka alipita penye daraja lililoupa mtaa wa Darajani jina lake. Ng'ambo ya hori hiyo walikaa watu ambao mji wa mawe uliwahitaji bila ya kuwapa nafasi: watumwa na baadaye watumwa walioachwa huru, vibarua na wachukuzi, wahamiaji kutoka Bara, Wangazija, mafundi, na watu wa mashamba waliokuja mjini kutafuta riziki. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 idadi yao iliongezeka, na katika miongo michache Ng'ambo ikawa mji kamili wenye misikiti, masoko, ngoma, vilabu vya mpira na waimbaji wa taarabu, akiwamo Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilivuka hori na hata bahari.

Nyumba ya kawaida ya Ng'ambo ilikuwa ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, iliyojengwa kwa miti na fito na kukandikwa udongo, ikaezekwa makuti na baadaye madebe au mabati, ikiwa na ukumbi unaopita katikati, vyumba pande mbili, ua wa nyuma kwa ajili ya mapishi na maji, na baraza mbele, mahali pa kukaa, kupokea wageni na kufanya biashara ndogo. Nyumba hizo hazikupangwa na mtu wa ofisini, lakini hazikuwa bila mpango, kwa kuwa kila moja ilijengwa kwa kuzingatia jirani, kichochoro, kivuli na njia ya kwendea kisimani au msikitini. Kosa kubwa la wapangaji wote waliofuata lilikuwa kuutazama mpango huu, ambao haukuchorwa popote, na kudhani kwamba haupo.

Kilichoifanya Ng'ambo iwe ngumu kuguswa ni kwamba mwenye nyumba hakuwa mwenye kiwanja. Ardhi ilikuwa mikononi mwa familia za Kiarabu, wafanyabiashara wa Kihindi na wakfu, yaani mali zilizotengwa kwa ajili ya dini au jamaa na ambazo haziuzwi, na aliyejenga juu yake alilipa kodi ya kiwanja. Mwanzoni kodi hiyo ilikuwa ndogo, na mahali pengine haikutozwa kabisa, kwani kumkaribisha mtu ajenge kulimpa mwenye ardhi wafuasi na heshima, lakini mji ulipokua na ardhi ikawa bidhaa, kodi zilipandishwa na waliochelewa kulipa wakafikishwa mahakamani. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, wakakusanyika kwa wingi kuwatetea wenzao waliokamatwa, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuweka mipaka ya kisheria juu ya kodi hizo. Mgomo huo ulikuwa na taathira mbili: uliwafundisha watu wa Ng'ambo kwamba wakishikamana husikilizwa, na ukaiacha serikali na ardhi ambayo haikuwa yake, ambayo isingeweza kuipanga bila ya kuwafidia wamiliki wake au kugombana na wakazi wake.

Mipango ya Waingereza, 1923 hadi 1958

Mpango rasmi wa kwanza wa mji uliandikwa na H. V. Lanchester, msanifu kutoka Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1923. Kama mipango mingi ya wakati huo, ulichanganya hofu ya maradhi na hofu ya watu, ukipendekeza njia pana, nafasi za wazi na mitaa iliyonyooka ili hewa ipite na askari nao wapite. Mengi ya mapendekezo yake yalibaki kwenye karatasi, ingawa hori iliendelea kufukiwa kidogo kidogo na mahali pake pakapita barabara, ambayo leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, hivyo mpaka wa maji ukageuka kuwa mpaka wa lami.

Jitihada kubwa zaidi zilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, ambapo London, ikiwa na wasiwasi juu ya migomo na chuki iliyokuwa ikipanda katika makoloni, ilianza kutoa fedha za maendeleo na ustawi wa jamii. Katibu Mkuu wa serikali ya Zanzibar wakati huo, Eric Dutton, ambaye kabla ya hapo alishiriki katika kuujenga mji wa Lusaka, aliamini kwamba majengo mazuri hutengeneza raia watulivu, na mpango wa maendeleo wa miaka 10 ulioanza mwaka 1946 uliipa Ng'ambo nafasi iliyokuwa haijawahi kuipata. Sehemu ya nyumba za zamani ilivunjwa, zikajengwa nyumba za mfano zenye mistari iliyonyooka, na katikati yake kikawekwa kituo cha jamii cha Raha Leo, chenye ukumbi na baadaye studio za redio ya Sauti ya Unguja.

Nyumba hizo zilikuwa chache mno kulinganishwa na mahitaji, na kodi zake ziliwashinda wengi miongoni mwa waliovunjiwa makaazi yao. Sensa ya 1948 ilikuta mjini watu wapatao 45,000, na ile ya 1958 ikakuta karibu 58,000, ongezeko ambalo lilijaza vichochoro vya Ng'ambo kwa kasi kuliko serikali ilivyoweza kuchora ramani. Mwaka huohuo wa 1958 Henry Kendall alikamilisha mpango mwingine wa mji, ambao haukupata muda wa kutekelezwa kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa siasa za vyama na chaguzi zilikuwa zimeshachukua nafasi ya mazungumzo ya viwanja. Matokeo ya kazi ya Dutton yalikuwa na kinaya chake: usiku wa Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, kituo cha Raha Leo, kilichojengwa ili kuwatuliza watu wa Ng'ambo, ndicho kilichogeuka makao makuu ya waliouangusha utawala, na redio iliyokuwa humo ndiyo iliyotangaza kwamba serikali imepinduliwa.

Mapinduzi na mafundi wa Ujerumani Mashariki, 1964 hadi 1968

Serikali mpya iliondoa kizuizi ambacho kilikuwa kimewashinda Waingereza kwa miaka 40. Machi 1964 Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, kodi ya viwanja ikaisha, na hatua hiyo, ambayo vijijini ilifuatiwa na ugawaji wa eka tatu kwa kila familia, mjini ilikuwa na maana kwamba serikali ingeweza kuvunja, kunyoosha na kujenga bila ya kumnunulia mtu ardhi yake. Hakuna tukio lingine katika historia ya Michenzani lenye uzito wa hilo. Ni kweli kwamba liliwakomboa wenye nyumba kutokana na madai ya wenye viwanja, lakini pia liliwaondolea kinga yao ya mwisho, kwani kuanzia hapo mgogoro juu ya makaazi haukuwa tena kati ya mpangaji na bwana wa ardhi, bali kati ya raia mmoja na dola nzima.

Fedha na utaalamu vilitoka upande ambao haukutarajiwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kijerumani, yaani Ujerumani Mashariki, ilikuwa imetengwa kidiplomasia kwa sababu Ujerumani Magharibi ilitishia kukata uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua, na Zanzibar ya Mapinduzi ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kufanya hivyo. Baada ya Zanzibar kuungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, Mwalimu Julius Nyerere alirithi tatizo la Ujerumani mbili ndani ya nchi moja. Suluhisho la 1965, la kuufanya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki uwe ubalozi mdogo tu, lilimgharimu misaada ya Ujerumani Magharibi, lakini halikuuondoa ujenzi uliokuwa ukiendelea Unguja.

Ujenzi huo ulianzia Kikwajuni, ukifuatiwa na Kilimani, kwa majengo ya ghorofa chache yaliyopangwa kwa safu, yenye nafasi za wazi katikati, maji ya bomba, vyoo vya ndani na umeme. Ujerumani Mashariki ilikuwa na uzoefu mkubwa wa kujenga upya miji iliyovunjwa na vita, hasa kwa kutumia vipande vya zege vinavyotengenezwa kwa pamoja kisha kuunganishwa, na kwake Kikwajuni ilikuwa tangazo kwa Afrika nzima juu ya kile ambacho ujamaa wa kisayansi unaweza kumpatia mtu wa kawaida. Karume naye aliona ndani yake jambo la karibu zaidi. Yeye aliyekuwa baharia na kiongozi wa watu wa Ng'ambo alijua nyumba ya udongo kwa kuishi humo, si kwa kuisoma katika ripoti, na kumtoa Mwafrika katika nyumba hiyo na kumpandisha ghorofani, mahali ambapo hapo zamani alipanda akiwa mtumishi tu, lilikuwa kwake tendo la kisiasa kabla ya kuwa tendo la ufundi.

Njia mbili na majumba kumi, 1968 hadi 1977

Mwaka 1968 mtaalamu wa Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, aliandaa mpango mpya wa mji ambao ndani yake sehemu kubwa ya nyumba za Ng'ambo ingebadilishwa, hatua kwa hatua, kwa majengo ya fleti yenye skuli, maduka na huduma karibu yake. Moyo wa mpango huo uliwekwa Michenzani, katikati hasa ya makaazi ya watu, ambapo njia mbili zingekatana na kuufungua mtaa uliokuwa umefungamana kwa vichochoro. Kwa ramani tu, wazo lenyewe halikuwa geni: njia zilizonyooka, nafasi za wazi na majengo ya mfano vilishapendekezwa na Lanchester na kujaribiwa na Dutton, na Scholz aliongeza kipimo na idadi.

Tofauti iliyofuata ilitoka kwa Karume mwenyewe. Wataalamu walipendekeza majengo ya kimo na urefu wa wastani, yanayoweza kujengwa na kutunzwa kwa uwezo wa nchi, lakini yeye aliyataka makubwa zaidi, marefu zaidi na yaliyosimama kandokando ya njia ili yaonekane, na ndivyo yalivyokuwa, kwani yaliyo marefu kabisa yanakaribia mita 300, na wakazi wakayafananisha na treni, chombo ambacho wengi wao walikuwa hawajakipanda. Kadiri miaka ilivyosonga Wajerumani walipungua katika mradi na kazi ikabaki zaidi mikononi mwa Wazanzibari wenyewe. Wafanyakazi wa serikali, vijana na wanachama wa chama tawala, Afro-Shirazi Party, walihudhuria kazi za kujitolea, ambazo kwa wengi hiari yake ilikuwa ya jina tu, kwa kuwa asiyefika alijulikana.

Nyumba zilizokuwa katika njia ya ujenzi zilivunjwa. Waliovunjiwa waliahidiwa fleti katika majumba mapya bila ya kuzinunua, na ahadi hiyo ilitimizwa kwa wengi, jambo ambalo wakosoaji wa Karume aghalabu hulipita haraka. Hata hivyo fidia ya chumba kwa chumba haikuwa fidia ya nyumba kwa nyumba: mwenye nyumba ya Kiswahili aliyekuwa na vyumba sita, wapangaji wawili na ua wenye kisima alipata makaazi ya familia moja, akapoteza kipato na baraza, na watoto wake walioolewa wakalazimika kutafuta mahali pengine. Kwa upande mwingine, mjane aliyekuwa akipanga chumba kimoja kinachovuja masika aliingia katika nyumba yenye sakafu ya saruji, jiko na taa. Hukumu juu ya Michenzani hutegemea sana ni nani kati ya hawa wawili anayeulizwa.

Gharama za mradi zililipwa hasa na karafuu, ambayo ilikuwa ikileta fedha nyingi za kigeni, na hapa ndipo palipo na doa kubwa la enzi hiyo. Saruji na vyuma vilinunuliwa wakati uagizaji wa chakula kutoka nje ukibanwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walipanga foleni kwa mchele, unga na sukari huku majumba yakipanda mbele ya macho yao. Serikali ilikuwa na akiba, lakini ilichagua kuionesha kwa zege.

Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya chama huko Kisiwandui, hatua chache kutoka kwenye majumba aliyokuwa akiyajenga, na akazikwa hapohapo. Mrithi wake, Aboud Jumbe, aliuendeleza mradi, lakini msukumo ulikuwa umebadilika, na mwaka 1977, wakati Afro-Shirazi Party ilipoungana na TANU, chama cha Bara, kuunda Chama cha Mapinduzi, ilikuwa dhahiri kwamba ndoto ya kuigeuza Ng'ambo nzima kuwa mji wa fleti haitafikiwa. Majengo ya aina hiyohiyo yalikuwa yamejengwa pia mashamba, kama Makunduchi, na kisiwani Pemba katika miji ya Mkoani, Chake Chake na Wete, lakini bei ya karafuu iliposhuka katika miaka iliyofuata hapakuwa tena na chanzo cha fedha cha kuendelea. Michenzani ikaishia majumba 10.

Wakazi wanaujenga mtaa upya

Kutokukamilika huko kuna matokeo mema ambayo hayakukusudiwa na mtu. Majumba yalisimama kandokando ya njia kuu, na nyuma yake mitaa ya Kisima Majongoo, Miembeni na mingineyo ilibaki na nyumba zake za chini, misikiti yake na vichochoro vyake. Hivyo aliyehamia ghorofani hakutengwa na jamaa zake. Aliweza kushuka ngazi na kufika kwa mama yake, sokoni au msikitini kwa mwendo wa dakika chache. Lau mpango ungekamilika, pengine ungeua kile kilichoyafanya majumba yenyewe yakalike.

Ndani ya fleti, wakazi walitengeneza upya mambo ambayo msanifu aliyasahau. Kwa kuwa baraza haikuchorwa, ngazi na viingilio vya chini vikawa baraza, na nafasi pana kati ya majumba, zilizokusudiwa bustani, zikawa mahali pa arusi, hitima, mpira wa watoto na biashara za jioni. Jiko la makaa, ambalo halina nafasi katika jiko la fleti bila moshi kujaa, lilihamia penye veranda. Baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa uongozi wa Ali Hassan Mwinyi, chini ya majumba palizuka maduka na vibanda, na njia zilizokusudiwa gwaride zikapata kazi yake ya kweli ya soko. Siasa nazo hazikutoka mtaani: Kisonge, maskani ya wafuasi wa chama tawala, ikajulikana visiwani kote kwa ubao wake wa maandishi makali, hasa baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992.

Upungufu mkubwa ulikuwa matunzo. Nyumba iliyotolewa bila malipo ilikuja pia bila mfuko wa matengenezo, na swali la nani anamiliki paa, ngazi, mabomba na kuta za nje halikuwa na jibu la kisheria kwa miongo kadhaa. Pampu zilipoharibika, maji hayakufika ghorofa za juu, na watu wakapanda nayo kwa ndoo. Zege likaanza kumeguka kwa chumvi ya bahari, na kila familia ikatengeneza ndani ya mlango wake na kuacha kilichobaki.

Kati ya mpango wa Wachina na Ng'ambo Tuitakayo

Mpango wa mji wa 1982, ulioandaliwa kwa msaada wa wataalamu wa Kichina, uliyahamishia macho ya serikali pembezoni, ambako watu walikuwa wakijenga bila ya kusubiri ramani, na Michenzani ikaachwa ilivyo. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, fedha na wageni vilielekea upande wa magharibi wa barabara, na mpaka wa zamani wa hori ukapata maana mpya. Ni kuanzia mwaka 2013 tu ambapo idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wabia kutoka Uholanzi, ilianzisha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, iliyowauliza wakazi wenyewe wanathamini nini katika mtaa wao na kuyahesabu majumba ya Michenzani kuwa sehemu ya urithi wa mji. Wakati huohuo serikali iliendelea na desturi yake ya kuweka alama kubwa mahali hapo: mnara wa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi ulizinduliwa penye mzunguko mwaka 2014, na baadaye likaja jengo kubwa la biashara la Michenzani Mall.

Sheria ya mwaka 2010 kuhusu umiliki wa nyumba za pamoja, na Shirika la Nyumba la Zanzibar lililoundwa baada yake, zimefungua njia ya kumaliza mgogoro wa nani atunze nini, njia ambayo ilipaswa kufunguliwa siku funguo za kwanza zilipogawiwa. Majumba haya yalijengwa kwa kasi na kutunzwa kwa bahati, na kwa kuwa hakuna serikali inayoweza leo kuyajenga upya kwa namna ile, wala hapana haja ya kufanya hivyo, kila shilingi inayotengwa kwa ajili ya minara na maduka ya Michenzani ingepaswa kutanguliwa na mabomba, paa na ngazi za nyumba ambamo watu wanaishi.